Mtafiti Asiipite Shule

JICHO LA JIRANI
Na Rehema Mallya

Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakauvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Miili ikiwa bado inatafutwa, simu zilishajaa habari kwamba volkano imelipuka. Wataalamu walipochunguza wakasema sivyo: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka.

Maporomoko ya ardhi yamo katika somo la Jiografia. Mwalimu huyaandika ubaoni, wanafunzi huyakariri wapate kujibu mtihani. Lakini nani aliwahi kumpeleka mwalimu huyo mlimani akamwonyesha ufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyochafuka ghafla?

Watafiti wanaozijua dalili hizo wapo, na magari yao hupita mbele ya shule zetu. Wengine huenda Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti. Lava hiyo hutoka nyeusi. Ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Hapo mwalimu wa Kemia na wa Jiografia wangegombea kipindi! Kuuzunguka mlima huo vipo vipokezi vya GPS vinavyopima jinsi ardhi inavyosogea, hata kwa milimita. Vipimo hivyo vinasafiri hadi vyuo vikuu vya ng'ambo. Vishuke pia kwenye simu ya mwalimu wa Engare Sero, pale chini ya mlima.

Haya si ndoto. Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na wanasayansi wa Delft, Uholanzi, na Oregon, Marekani, umefunga vituo vya hali ya hewa katika shule za Kenya na nchi nyingine za Afrika. Shule inakilinda kituo. Kituo kinajiendesha kwa umeme wa jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Mtafiti anapata takwimu zake, mwalimu anafundisha kwa mvua iliyonyesha kijijini kwake. Hapo hakuna mfadhili wala mfadhiliwa.

Semina za hotelini tunazijua: projekta, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja, kwaheri. Semina ya walimu na watafiti ifanyike mlimani, nyundo mkononi. Mtafiti aache mawe shuleni (jiwe halihitaji bajeti) na abaki kwenye kundi la WhatsApp baada ya kuondoka. Atafaidika yeye pia, maana mwalimu anauona mlima huo masika na kiangazi, ilhali mtafiti huja wiki chache tu.

Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Naiomba iongeze sharti moja: anayetaka kupima mlima, ziwa au bonde ataje shule atakayoshirikiana nayo na siku atakazokaa na walimu wake. Asiyekuwa na shule, arudishiwe fomu yake.