Duke aliyefariki kabla ya tarehe

Mpenzi msomaji, mali bila daftari huisha bila habari. Lakini je, wajua kwamba hata daftari likiwapo, mauti yaweza kuliwahi? Jumapili hii twende Uingereza, kwa ukoo wa Cavendish, ambao mkuu wake huitwa Duke wa Devonshire.

Kama ulisoma historia shuleni, jina hilo si geni kwako. Duke wa tisa, Victor Cavendish, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni ulipotolewa Waraka wa Devonshire mwaka 1923, uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulizwe. Walowezi waliendelea kukalia mashamba hata hivyo! Nazo ndizi za Cavendish zilipewa jina la ukoo huo baada ya Joseph Paxton, msimamizi wa bustani zao, kuzikuza ndani ya nyumba ya vioo miaka ya 1830.

Utajiri wao chanzo chake ni mwanamke. Bess wa Hardwick aliolewa mara nne. Yeye na mumewe wa pili, William Cavendish, walinunua Chatsworth, jimbo la Derbyshire, mwaka 1549 kwa pauni 600. Alipofiwa na mume wa nne, mama huyo hakukaa kitako. Kati ya 1590 na 1597 alijenga jumba la Hardwick, madirisha tele enzi ambazo kioo kilikuwa anasa, na juu ya minara akaweka herufi za jina lake.

Mkosi ulikuja karne ya 20. Duke wa kumi, Edward, alikuwa na mrithi aitwaye William. Mei 1944 kijana huyo alimwoa Kathleen, dada yake John F. Kennedy. Septemba mwaka huo huo akauawa vitani Ubelgiji.

Baba akajikaza. Mwaka 1946 alimkabidhi mali mwanawe wa pili, Andrew. Sheria ilikuwa wazi: mtoaji akiishi miaka mitano baada ya kutoa, mali haitozwi kodi ya urithi. Novemba 1950, miezi michache tu kabla ya tarehe hiyo, mzee akafariki ghafla akiwa na umri wa miaka 55.

Serikali ilidai asilimia 80 ya mali yote! Andrew, aliyekuwa na miaka 30, aliuza maelfu ya ekari na kutoa michoro ya thamani. Hardwick ilichukuliwa na serikali mwaka 1956, huku nyanya yake angali akiishi humo. Deni hilo lilimsumbua kwa zaidi ya miaka 15.

Chatsworth ilinusurika. Andrew na mkewe, Deborah, walihamia humo mwaka 1959, wakawakaribisha watalii wenye kulipa kiingilio, na mwaka 1977 wakafungua duka la mazao ya shamba. Siku hizi jumba lipo chini ya wakfu, si mali ya mtu mmoja.

Ndugu msomaji, huna jumba la vyumba mia. Pengine una ploti moja Kitengela na ng'ombe wawili mashambani. Lakini watoto wako wajua hatimiliki iko wapi? Duke alichelewa kwa miezi. Wengi wetu hata hatujaanza.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.