Istilahi si Tawi la Kamusi: Hoja Kutoka Dundori

Kuna dai linalojirudia katika mijadala ya idara zetu za Kiswahili, kwamba istilahi si kitu ila msamiati uliochujwa, na kwamba mtu akishatunga kamusi nzuri atakuwa amekwisha kutupatia istilahi pia. Dai hili linapendwa kwa sababu linatupunguzia kazi. Makala haya yanalipinga. Na kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa fasihi, ambao aghalabu hudhani kuwa istilahi ni shida ya wanasayansi na wanasheria, tutaanzia mbali na fasihi, katika mashamba ya viazi ya Dundori, ndipo turejee kwetu.

Dundori imo katika nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara itokayo Lanet kuelekea Ol Kalou. Bei ya viazi huko hutajwa kwa gunia. Gunia ni nini? Kamusi yoyote ya jumla itatujibu kuwa ni mfuko mkubwa uliofumwa kwa katani au nyuzi nyingine, wa kutilia nafaka na mazao. Jibu hilo ni sahihi na halina kasoro. Lakini mnunuzi wa viazi huja na gunia ambalo mdomo wake umeongezwa wavu, viazi vikapandishwa juu ya ukingo hadi lionekane limevaa kilemba. Ndiyo maana watu wakaliita mukurinu, kwa kulifananisha na vilemba vya waumini wa Akorino. Hilo nalo ni gunia. Kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 2019 chini ya Sheria ya Mimea ya 2013 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa kila mfuko. Huo pia ni gunia. Mkulima anayekubaliana bei ya “gunia” na mnunuzi amekubaliana neno tu. Uzito unabaki mikononi mwa yule mwenye sindano na wavu.

Mtunga kamusi hana lawama hapa. Kazi yake ni kusikiliza jinsi neno linavyotumika na kuorodhesha maana zake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, chini ya kidahizo kimoja. Kadiri matumizi yanavyotofautiana ndivyo kazi yake inavyonoga. Mwanaistilahi hawezi kuridhika hivyo. Yeye hukabidhiwa dhana, yaani kipimo cha mauzo chenye mpaka unaojulikana, kisha huulizwa: mpaka huo uko wapi, dhana hii inakaaje na jirani zake, kilo na tani na debe, na ni jina gani litakaloitaja yenyewe bila kutaja nyingine? Akijibu “gunia” tu, hajafanya kazi. (Wapo watakaotukumbusha kwamba mkulima hulindwa na mizani na askari, wala si maneno. Ni kweli. Lakini askari naye lazima aambiwe anakagua nini, na tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya, ilhali kanuni zenyewe zilichapishwa kwa Kiingereza.)

Tutazame mfano mwingine katika mashamba hayo hayo. Majani ya viazi yanapoungua na kuwa meusi baada ya usiku wa ubaridi, husemwa kuwa viazi vimechomwa na baridi. Kauli hii hufunika mambo mawili. Moja ni jalidi, ambayo ni hali ya hewa. La pili ni ugonjwa uletwao na kiumbe kiitwacho Phytophthora infestans, ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Ugonjwa huo una dawa ya kunyunyizia, lakini jalidi haizuiliwi na dawa hiyo hata ikinyunyizwa kila siku, na anayechanganya mambo haya mawili hulipia kosa kwa fedha zake. Nchini Tanzania, maandishi ya ugani wa kilimo yameuita ugonjwa huu bakajani chelewa, kando ya bakajani tangulia. Inafaa tusimame hapa kidogo. Nani ataielewa “chelewa” kwa kufungua kamusi kwenye herufi C? Neno hilo limepata maana kutokana na “tangulia” iliyo ubavuni mwake. Kila moja inaieleza nyingine kwa sababu zote mbili zimewekwa katika mfumo mmoja wa magonjwa. Bila mfumo, ni kitenzi tu cha mtu aliyekosa basi. Hatudai kwamba istilahi hii imekwisha kufika Dundori na kuzoeleka. Tunachodai ni kwamba haingeweza kuzaliwa kutokana na kazi ya kamusi, hata kamusi hiyo ingekuwa na kurasa elfu.

Mwelekeo huu wa kutoka dhana kwenda jina, badala ya kutoka neno kwenda maana, ndio aliousisitiza mhandisi Mwaustria Eugen Wüster katika kitabu chake cha 1931. Si ajabu kwamba alikuwa mwenye kiwanda cha misumeno. Mtu anayeuza meno ya msumeno hawezi kuvumilia visawe. Leksikolojia huchunguza maneno yalivyoundwa na yanavyohusiana, nayo leksikografia huyapanga kamusini. Kwa zote mbili visawe ni utajiri. Katika istilahi visawe ni deni. Baadaye wataalamu kama María Teresa Cabré walimkosoa Wüster kwa haki, wakionyesha kwamba istilahi nazo huishi ndani ya matini, hubadilika, na hushindana kama maneno mengine. Tunaukubali ukosoaji huo. Lakini baadhi yetu wameukimbilia kama kichaka, wakisema: kama istilahi hubadilika, basi hakuna tofauti. Hoja hiyo haifuati. Mpaka wa shamba unaweza kuhamishwa bila mashamba mawili kugeuka kuwa moja.

Sasa turejee kwetu. Sitiari na istiara ni maneno yaliyotokana na neno moja la Kiarabu, istiʿāra, lenye maana ya kuazima. Kwa mtunga kamusi, yaweza kuwa sura mbili za neno moja, akayafunga chini ya kidahizo kimoja na kuendelea na kazi yake. Lakini katika uhakiki wetu baadhi ya wataalamu hutumia istiara kwa tamathali ile ile ya sitiari, na wengine kwa kazi nzima inayosomeka kwa maana mbili sambamba. Ongeza jazanda, inayotumiwa mno hapa Kenya, na taswira, ambayo haiko mbali nayo. Mwandishi wa makala haya amewahi kushuhudia mwanafunzi akinyimwa alama kwa kuandika istiara mahali msahihishaji alipotaka sitiari, na mwalimu mwingine, katika idara hiyo hiyo, akimpa mwenziwe alama zote kwa neno lile lile. Mwanafunzi wa kwanza alielezwa kwamba hajui Kiswahili. Alikijua vyema. Alichokosa ni idara iliyokubaliana kuhusu dhana.

Neno fasihi lenyewe ni ushahidi. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 fasihi ni sifa ya usemi safi, ulio wazi na wenye kupendeza. Maana tuliyo nayo leo haikuchipuka yenyewe kutokana na sifa hiyo. Ni jumuiya ya wasomi na walimu iliyohitaji jina la dhana na kulikabidhi neno hili kazi mpya. Pio Zirimu wa Uganda alifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza alipobuni neno orature: aliona kwamba jina lililokuwapo lilikuwa likiipotosha dhana, akalikataa. Sisi tukaja na fasihi simulizi, jina zuri, ingawa kitendawili na methali hazisimuliwi. Nani ameketi kulijadili hilo kama suala la dhana?

Haki itendeke: Kamusi ya Fasihi ya K.W. Wamitila ya mwaka 2003 ilitaja istilahi na nadharia katika anwani yake ndogo, na ndani yake nadharia hutangulia neno. Lakini kazi ya mtu mmoja haiwezi kubeba mzigo wa idara zote. Katika idara tunazozifahamu, istilahi hufundishwa kama mhadhara wa mwisho wa kozi ya leksikografia, wiki ile ambayo wanafunzi tayari wanajiandaa kwa mtihani. Tunapendekeza ipewe kozi yake, na ifundishwe kwa ushirikiano wa wanaisimu na wahakiki. Zoezi la kwanza liwe hili: wanafunzi wapewe sitiari, istiara, jazanda na taswira bila kamusi yoyote, wachore kwanza mchoro wa dhana zinazohusika, na waruhusiwe kuandika majina baada tu ya mchoro kukubaliwa na darasa zima. Wahadhiri wafanye zoezi hilo kabla yao.