Patupu hapatoi stima ya bure

Mwanafunzi mmoja wa Kizingo, Mombasa, ametuandikia akiuliza: Je, ni kweli kuna mtambo uwezao kuvuta stima kutoka patupu? Ami yake ameahidiwa mtambo huo, na aliyemwahidi anataka arubuni kabla ya mwisho wa mwezi.

Swali hili, mpenzi msomaji, lina ukweli na lina hadaa. Tuanze na ukweli.

Ukitoa hewa yote chomboni, ukaondoa na mwanga na joto, utasema ndani hamna kitu. Hali hiyo wataalamu huiita ombwe. Lakini fizikia ya kwanta, ambayo mlango wake ulifunguliwa na Mjerumani Max Planck mwaka 1900, inasema hakuna kitu kinachotulia tuli kabisa. Hata kwenye baridi ya mwisho, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, chembe hubaki na mtikisiko mdogo usioondoka. Nguvu ya mtikisiko huo huitwa nishati ya nukta sifuri, na ombwe nalo linayo.

Ushahidi mmoja uko kwa jirani zetu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba bonde la Rukwa, Tanzania, lina akiba kubwa ya gesi ya heliamu. Gesi hiyo ikifanywa kimiminika ndiyo inayopoza sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini. Maji ukiyapoza huwa barafu. Heliamu, hata uipoze vipi, haigandi mpaka uikandamize kwa nguvu zipatazo mara 25 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Sababu ni kwamba mtikisiko ule unashinda mvuto hafifu ulioko baina ya atomu zake.

Ushahidi mwingine ulitabiriwa na Mholanzi Hendrik Casimir mwaka 1948. Alisema vibao viwili vya metali visivyo na umeme, vikikaribiana mno ndani ya ombwe, vitavutana. Mwaka 1997 Mmarekani Steve Lamoreaux aliupima mvuto huo vizuri. Ulikuwepo, lakini mdogo ajabu.

Sasa hadaa iko wapi? Nenda ufuo wa Mama Ngina wakati wa bamvua, utazame maji yakijaa na kupwa. Maji yaliyojaa yanaweza kuzungusha gurudumu yakishuka. Yakishakupwa yote, bahari ingali tele mbele yako, ila hayana tena pa kushukia. Mabwawa ya mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: stima hutokana na mteremko wa maji, si wingi wake tu.

Nishati ya nukta sifuri ndiyo ngazi ya chini kabisa. Hakuna ngazi nyingine chini yake, basi itashuka wapi izungushe mtambo? Hata vibao vya Casimir, vikishagusana, kazi imekwisha. Ukitaka vivutane tena lazima uvitenganishe, na kuvitenganisha kunakugharimu nguvu zile zile ulizopata.

Kwa hivyo, mwanafunzi wetu, mwambie ami kwa adabu asitoe arubuni. Akitaka kuhakikisha, aombe mtambo huo utenganishwe na waya zote, utolewe betri na mafuta, kisha uwashe taa za nyumba juma zima mbele ya fundi wa stima anayemwamini yeye mwenyewe. Mwuzaji akianza kutoa visingizio, jibu limepatikana.

Na ikiwa bili ndiyo inayomsumbua, jua la Mombasa lipo. Paneli za sola hununuliwa kwa pesa, lakini nguvu zake zinatoka mahali panapojulikana. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.