Maiti haifungui kesi!

Ndugu msomaji wa Lisekese, mgonjwa akiingia hospitali kwa miguu yake na kutoka amefunikwa shuka, tunafanya nini? Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, tunazika, tunaanua matanga na kurudi kijiweni kunung'unika.

Mungu asisingiziwe! Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti! Mmoja alifariki baadaye, mwingine akapelekwa India kutibiwa. Hiyo nayo ni amri ya Mungu?

Hatusemi kila kifo ni uzembe. Daktari anaweza kufanya yote yanayompasa na mgonjwa akafa. Uzembe ni kuacha kufanya kile ambacho daktari mwangalifu, mwenye vifaa vile vile, angekifanya. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kumtibu mtu kizembe hadi kuhatarisha maisha yake ni jinai. Fidia nayo ni kesi ya madai, peke yake.

Lakini tazama njia anayopitishwa mlalahoi! Kuidai serikali fidia, kwanza utoe notisi ya siku 90. Kisha ufungue kesi Mahakama Kuu, huko Mtwara, karibu kilometa 200 kutoka Masasi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, hata ukiidai halmashauri yako ni lazima umshitaki na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Miaka 3 ikipita, mlango umefungwa. Nauli, wakili, na daktari wa kutoa ushahidi dhidi ya daktari mwenzake, atalipa nani? Korosho za mzee?

Sheria hii inamlinda nani? Tunataka kesi dhidi ya halmashauri zirudi mahakama ya wilaya, mwananchi alipo.

Wakati tunalidai hilo, kijana, usimpige nesi. Ukimpiga, mshitakiwa ni wewe. Tunza cheti na risiti. Andika tarehe, saa, dawa na jina la aliyehudumia. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumfutia daktari usajili. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Maneno ya kijiweni hayana muhuri. Maiti haifungui kesi. Anayeifungua ni wewe uliyebaki, na siku zinahesabiwa!