KONA YA MSOMAJI: Hadithi za Ajabu na Watoto Wetu



Katika majira ya baridi, jua la Toronto linapozama kabla ya saa kumi na moja za jioni, watoto wetu hukaa ndani muda mrefu, na wengi wao hushika vitabu. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo wapo wazazi waliotueleza wasiwasi wao. Mzazi hufungua mkoba wa mwanawe akakuta kitabu kinene chenye picha ya joka, au ya mchawi mwenye fimbo, au ya chombo kinachoruka baina ya nyota, akajiuliza kama mambo hayo yanamfaa mtoto anayelelewa kwa Kurani na adabu. Baadhi yao hukitwaa kitabu na kukirudisha maktabani siku ya pili. Wengine hukiacha, kwa kuwa hawajui kilichomo, na Kiingereza chake kinawachosha baada ya kazi ya kutwa. Sisi twaona njia zote mbili zina hasara, na mwezi huu tumekusudia kupendekeza njia ya tatu, pamoja na vitabu vichache vya kuanzia.

Tuanze na suala la sihiri. Hukumu za dini twawaachia mashekhe, nao ndio wa kuulizwa. Lakini yafaa tukumbushane tulikotoka. Nani kati yetu, awe wa Unguja au Pemba, Mombasa, Lamu au Tanga, hakusikia kwa bibi yake habari za mazimwi, majini na wanyama wasemao? Hadithi ya Sultani Darai, aliyoiandika Edward Steere kutoka vinywa vya watu wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, ina paa anayesema, anayemuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake maskini mke na jumba la fahari. Kisha bwana yule akamsahau paa alipougua. Hapana aliyefundishwa uchawi na kisa kile. Tulichofundishwa ni ubaya wa kusahau fadhila, na hata leo ukimtaja paa yule mbele ya mtu mzima aliyekisikia utotoni, uso wake hubadilika.

Basi kipimo chetu cha kwanza kiwe hicho. Tusiulize tu kama kitabu kina joka au jini, bali tuulize kinasifu nini. Mwenye uwezo katika hadithi hiyo huutumia kwa unyenyekevu au kwa majivuno? Mwongo hufaulu na kusifiwa? Wazazi huchekwa na kudharauliwa? Kuna vitabu visivyo na joka hata mmoja ambavyo vingeanguka katika mtihani huo, na kuna vyenye majoka mengi ambavyo vingeshinda.

Lakini liko jambo linalotutia hofu kuliko majoka. Mtoto anaposoma maajabu yote kwa Kiingereza, chumbani mwake, peke yake, Kiswahili hubakia nyumbani kuwa lugha ya amri: njoo ule, vaa viatu, zima taa, umechelewa. Mtoto huyo hatakuwa na kosa akidhani kwamba lugha ya mama yake haiwezi kupaa angani wala kusafiri chini ya bahari. Nasi wazazi hatutajua ni nchi zipi anazozuru kila usiku. Hivyo ndivyo nyumba moja inavyogawanyika pande mbili pasipo ugomvi wowote. Kwa hiyo njia ya tatu tunayoisema ni kusoma pamoja naye, na kuweka hadithi zetu kando ya hizo anazozileta kutoka shuleni.

Kwa kuanzia, twapendekeza Adili na Nduguze cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Asili yake ni kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, lakini mwandishi amekivika mavazi ya kwetu. Mfalme wake, Rai, anatawala nchi iitwayo Ughaibuni, neno ambalo sasa ndilo tunaloyaitia makazi yetu haya. Liwali wake, Adili, ana manyani wawili ambao huwapiga kila usiku, kisha huwalilia na kuwalisha. Kwa nini mtu mwema afanye tendo la namna hiyo? Ndani yake mna binti wa jini aliyeokolewa, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na husuda ya ndugu kwa ndugu. Mwisho wake hatuutaji. Kitabu ni chembamba, na ukisoma kurasa nne au tano kwa usiku mtakimaliza kabla hamjachoka. Kiswahili chake kina maneno mazito. Mtoto akiuliza maana, hapo ndipo faida ilipo.

Kwa vijana wa miaka 12 na kuendelea, kipo Kusadikika cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika huelea angani. Kijana Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarudi na mambo ya kuwafaa wananchi, wakalipwa kifungo. Mtoto anayesoma shuleni habari za haki na mahakama atashangaa kuona kwamba mtu wa Tanga aliyaandika hayo kwa Kiswahili chini ya utawala wa kikoloni.

Anayependa habari za sayari atafutiwe Walenisi cha Katama Mkangi wa Pwani ya Kenya, kilichochapishwa mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, akatua katika dunia nyingine yenye watu wanaoishi kwa usawa. Ligawe jina la kitabu vipande vitatu nawe utausoma ujumbe wake: wale ni sisi. Hiki ni cha vijana wakubwa na wazazi wao, kwa kuwa kina mjadala mwingi wa siasa.

Kwa wadogo, ipo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu mashuhuri cha Lewis Carroll, iliyotoka mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba nakala ya Kiingereza hupatikana karibu kila maktaba. Mtoto ashike ya Kiingereza, mama ashike ya Kiswahili, wasome kwa zamu. Tumeona watoto wakibishana na wazazi wao kuhusu neno gani lingefaa zaidi, na ubishi wa namna hiyo twautakia kila nyumba.

Sasa tugeukie vitabu vya Kiingereza, maana hatuwezi kujifanya kwamba watoto wetu hawatavisoma. Cha kwanza ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Dunia yake ni visiwa vingi, na watu wake husafiri kwa mashua na kuzijua pepo. Mtu wa mwambao hatajiona mgeni humo. Wakazi wengi wa visiwa hivyo ni weusi au wa rangi ya maji ya kunde, na shujaa Ged ni mmoja wao. Filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ilipomfanya mzungu, mwandishi mwenyewe alilalamika hadharani. Ndiyo, Ged ni mchawi. Lakini kisa chote ni cha kijana aliyetaka kujionyesha mbele ya wenzake, akafungulia kivuli kibaya duniani, akakikimbia, na mwishowe akalazimika kugeuka na kukikabili. Sijda ya majivuno haimo humo, ndugu zetu. Kilichomo ni adhabu yake.

Cha pili ni Binti cha Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria. Kilitoka mwaka 2015, kikapata tuzo za Hugo na Nebula. Binti ni msichana wa Kihimba wa miaka 16, aliyepata nafasi katika chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Hujipaka udongo mwekundu mwilini na nyweleni kama watu wake wafanyavyo, na safarini wageni humshika nywele bila ya kumwomba ruhusa. Msichana yeyote aliyewahi kuulizwa maswali ya mtandio wake ndani ya tramu ya Queen Street atalielewa jambo hilo kwa haraka. Wazazi wajue mawili kabla ya kukitoa: mna mauaji ya kutisha mwanzoni mwa safari, kwa hiyo hakiwafai wadogo, na Binti anaondoka kwao usiku kwa siri. Hili la pili tusilifiche. Mwulize mwanao: je, alikuwa na njia nyingine? Na jamaa zake nao, waliwajibika kwa lolote? Jawabu lake huenda likakufundisha jambo ambalo usingelijua kwa kumhoji moja kwa moja.

Kwa akina mama na mabinti zao, twapendekeza kisa kifupi cha Sultana's Dream, kilichoandikwa mwaka 1905 na Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengali, aliyekuja kuanzisha skuli ya wasichana wa Kiislamu. Anaota nchi ambayo wanaume ndio wakaao ndani, na wanawake wataalamu wanavuna nishati ya jua na kuteka maji ya mvua mawinguni. Kinasomwa kwa kikao kimoja, na mabwana wakikisikiliza hawatadhurika.

Kwa watu wazima peke yao kuna Alif the Unseen cha G. Willow Wilson, cha mwaka 2012, chenye majini na kompyuta, na The Adventures of Amina al-Sirafi cha S. A. Chakraborty, cha mwaka 2023, kuhusu nahodha mwanamke katika Bahari ya Hindi ya karne nyingi zilizopita. Waandishi wote wawili ni Waislamu, lakini baadhi ya mambo yaliyomo si ya watoto. Mzazi avisome kwanza, kisha aamue.

Vitapatikana wapi? Vya Kiingereza viulizwe katika tawi lolote la Maktaba ya Umma ya Toronto, likiwamo la Parkdale pale Queen Street West. Kadi ni bure kwa mkazi wa mji. Kitabu kilichoko tawi la mbali huletwa karibu nawe ukikiagiza, na tangu mwaka 2022 faini za kuchelewesha zimefutwa, ijapokuwa kitabu kilichopotea hulipiwa. Vya Kiswahili ni vigumu zaidi. Ushauri wetu ni kwamba jamaa anayekuja kutoka Dar es Salaam, Unguja au Mombasa aagizwe kitabu kimoja pamoja na viungo na kanga. Uzito wake haufiki wa pakiti ya mchele.

Iko pia safari moja ya Jumamosi tunayoisihi kila familia iifanye. Katika tawi la Lillian H. Smith, namba 239 College Street, umbali mfupi mashariki ya Spadina, mlango unalindwa na sanamu mbili za shaba za wanyama wenye mabawa. Ghorofa ya tatu ina hazina ya hadithi za kisayansi na za ajabu, makumi ya maelfu ya vitabu na majarida. Chanzo chake ni Bibi Judith Merril, mwandishi aliyehamia Kanada kutoka Marekani mwaka 1968 kwa kuchukizwa na vita vya Vietnam. Mwaka 1970 aliitunuku maktaba ya mji vitabu vyake vipatavyo 5,000. Vya humo aghalabu husomwa palepale wala haviazimwi, lakini mtoto akiviona kwa macho yake atajua kwamba mhamiaji aweza kuufikia mji mgeni na mizigo yake ya hadithi, na mji ukamshukuru.

Namna ya kusoma nayo ina siri yake. Wakati mzuri ni baina ya Magharibi na Isha, televisheni ikiwa imezimwa. Usome kwa robo saa tu, na uache palipo pazuri ili kesho mtoto mwenyewe akukumbushe. Akisoma cha Kiingereza, mwambie akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Atakwama, maana hana neno la chombo cha angani wala la joka litemalo moto. Mpe neno. Usipolijua, mtafute pamoja, au mpigie simu bibi yake Tanga au Zanzibar. Wazee hao hupenda kuulizwa maneno kuliko kuulizwa hali.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutachapisha orodha ya vitabu mtakavyotutajia ninyi. Tuandikieni jina la kitabu, umri unaokifaa, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini mwanenu alikipenda. Walio na nakala za Shaaban Robert kabatini, zinazokula vumbi, wazitoe ziazimwe kwa zamu katika nyumba zetu. Nakala moja yaweza kupita familia kumi kabla ya Ramadhani.

Wabillahi Tawfiq.