Memori kadi feki ni wizi, si bei nafuu

Jamani, tuache kujiita wajanja kwa kununua memori kadi ya GB 512 kwa bei ya GB 32. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nawaambia wazi: ukubwa unaouona kwenye kompyuta si kipimo. Ni jibu tu la chipu iliyo ndani ya kadi, na chipu hiyo inaweza kupangwa idanganye. Kadi ya GB 8 hujitangaza kuwa 512. Kamera huamini na kuendelea kurekodi. Nafasi halisi ikiisha, picha mpya hufuta za zamani au hupotea. Majina ya faili utayaona, ukiyafungua hamna kitu.

Wauzaji hujitetea eti wateja wanataka rahisi. Upuuzi! Mteja ameomba rahisi, hajaomba uongo. Harusi hairudiwi, wala marehemu hapigwi picha tena.

Dawa ipo, tena bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Hujaza kadi tupu yote, kisha huisoma kuhakiki. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: ikifeli, utanirudishia pesa? Akisitasita, ondoka.