Dark Alliance ilistahili heshima zaidi

Jina la Baldur's Gate lilipotua kwenye PlayStation 2 mwaka 2001, wapo mashabiki waliohisi wameporwa. Gemu waliyoipenda tangu 1998, kazi ya BioWare ya Kanada, ilikuwa ya kompyuta: mchezaji anaongoza kundi la hadi watu sita, anasimamisha pambano apange mbinu, anasoma mazungumzo marefu.

Dark Alliance ya Snowblind Studios iliyaacha karibu yote hayo. Unachagua mmoja kati ya watatu: Vahn mpiga mishale, Adrianna mchawi au Kromlech mpiganaji mbilikimo. Kisha ni kupiga na kukwepa tu.

Lawama hizo hazikuwa za haki.

Tangu kazi ya mapema ya kuua panya chini ya baa ya Elfsong, vidole vinaielewa pedi bila kufundishwa. Maji yanatikisika mhusika anapopita. Zaidi ya yote, watu wawili wanapigana bega kwa bega mbele ya runinga moja. Snowblind hawakuihamisha meza ya kompyuta sebuleni. Waliitengenezea sebule gemu yake. Hata Baldur's Gate 3 ya 2023 inawaruhusu wawili kugawana skrini moja.